Sura ya Tisa: Kanda ya Kutoka Maskati

Mzee Melkiadi hakuja kituoni kulalamika. Alikuja kugomba.

Alikuwa kwenye benchi tangu saa mbili kasoro asubuhi, koti la suti juu ya sweta, kofia magotini, na mkononi ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Inspekta Antonia Komba alipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia marahaba kwa heshima zote, kisha akaanza.

"Mama, umeniita kwa barua yenye mhuri. Kijiji kizima kimeuona mhuri. Sasa wanaulizana Melkiadi ameiba nini."

"Hujaiba kitu, mzee wangu. Nataka habari za binti yako Xaveria."

"Habari zake ni njema. Ndiyo nimeshuka mlima kukuambia."

Antonia alimkaribisha ndani. Ofisi ilikuwa mpya kama mkoa wenyewe. Manyara ilikuwa na miaka mitatu tangu imegwe kutoka Arusha, na Babati, makao yake makuu, bado ilikuwa inazoea ukubwa, kama mtoto aliyevalishwa viatu vya kaka yake. Meza ilikuwa imefika, lakini kabati la mafaili lilisemekana liko njiani tangu Pasaka. Majalada yalipangwa sakafuni, na lile la juu lilikuwa na karatasi moja tu. Ilikuwa barua ya Afisa Kazi, ikieleza kwamba Cornel, mwalimu mstaafu, anakusanya wasichana wa milimani na kuwapeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani, ilhali kibali hana. Ameomba tu. Stakabadhi ya maombi ameitia kwenye fremu na kuitundika ukutani, na wasiojua kusoma wanadhani ndiyo kibali.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo, wasichana saba wangeondoka. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa amesema maneno machache: kibali ni kazi ya Afisa Kazi na mahakama, wasichana ni watu wazima, wazazi wametia saini, mlalamikaji hakuna. Antonia akileta mlalamikaji mmoja, gari halitoki. Asipomleta, aache watu wasafiri.

"Mkataba wa Xaveria uliuona, mzee?"

"Niliuona. Kurasa nne."

"Ulisema nini?"

"Ni wa Kiarabu."

"Na nakala yako?"

"Iko kwa Mwalimu." Mzee alimtazama kana kwamba anaongea na mtoto. "Mwalimu Cornel ni wa kwetu. Amenifundishia watoto wanne kusoma. Nianze kumdai karatasi?"

"Huyo mwajiri anaitwa nani?"

"Ni Mwarabu."

"Jina lake, mzee wangu."

Melkiadi aligeuza kofia magotini. "Mwarabu mcha Mungu," akasema hatimaye, na Antonia akaandika hivyo hivyo alivyosikia.

"Na unajuaje kama Xaveria alifika?"

Hapo mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kanda ya redio, imefutwa vumbi ikang'aa.

Kule kwao Bashanet, juu ya bonde, mtandao wa simu ulikuwa haujafika. Mwezi wa pili, binti alipoaga kwenda Maskati, baba yake alimnunulia kanda mbili tupu ili azijaze sauti na kuzituma. Moja ilirudi mwezi wa sita, kwa mkono wa Mwalimu Cornel mwenyewe. Koplo Simon, dereva wa kituo, alileta redio yake, na wote watatu wakainama kusikiliza.

Msichana alizungumza Kiiraqw, taratibu, na baba yake akafasiri. Alimsalimu bibi. Alimsalimu mama, akawasalimu majirani nyumba kwa nyumba, akawasalimu wanakwaya wa sauti ya tatu, akauliza kama ng'ombe mweusi amezaa. Kisha akasema amefika salama, anakula vizuri, kazi si nzito, na wenzake wasiogope, waje.

Nyuma ya sauti yake, kwa mbali, adhana ikaanza.

Melkiadi akainua kidole. "Umesikia? Uarabuni."

Adhana ilipokwisha, kikaja kitu kingine, kizito, karibu zaidi. Kilikoroma mara moja kwa kirefu, halafu mara tatu kwa kifupi, kikanyamaza, kikarudia.

"Na hicho?" Antonia akauliza.

"Mashine ya ubaridi. Huko joto ni kali, wanaifunga ukutani. Jirani yangu Hilary aliwahi kulinda nyumba ya tajiri Dar es Salaam. Aliposikia tu akasema, hiyo ni mashine ya ubaridi, na ya huyu Mwarabu ni kubwa." Mzee alisema hivyo kwa fahari kabisa, kama vile mashine ni yake.

"Wazazi wa wale saba wameisikiliza kanda hii?"

"Nyumbani kwangu. Mama yake Marietha aliirudia mpaka betri zikaisha. Na leo mimi ndiye nimechaguliwa kutoa neno la kuwaaga."

Antonia, ambaye mngurumo ule ulimtia shaka, aliomba aachiwe kanda kwa saa chache. Mzee aliitoa kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mgeni, akasisitiza mara mbili isifutwe.

*

Luqmani, fundi redio, alikuwa na kibanda upande wa nyuma wa soko, kimejaa matumbo ya redio za watu. Antonia alimkuta ameuma bisibisi mdomoni.

"Karibu afande. Imeharibika au imeibwa?"

"Nataka uniambie kanda hii imetoka wapi."

Luqmani aliigeuza, akaisoma ubavuni, akaitazama kwenye mwanga. "Imetoka hapo kwa Shomari, duka la tatu. Anauza kanda za aina hii tu."

Antonia alifungua daftari, kisha akalifunga. Hilo halikuthibitisha kitu. Baba ndiye aliyeinunua kanda, na kanda tupu inaweza kwenda Maskati na kurudi kama mtu. Alikuwa na wazo moja limebaki: yule mngurumo huenda ni mashine ya kukoboa mpunga, na kama ni hivyo, msichana yuko Magugu kwenye mashamba. Alikuwa amekwisha kumwambia Simon ajaze mafuta.

"Iweke kwenye spika nzuri," akasema. "Nisikilizie mashine iliyo nyuma ya sauti. Niambie ni mashine gani."

Fundi akaiweka. Salamu za Xaveria zikajaa kibandani, na Luqmani, ambaye hakujua neno la Kiiraqw, akaendelea kulehemu waya wake. Adhana ilipoanza, mkono wake ukasimama.

"Ah. Mzee Mujahid."

"Nani?"

"Mwadhini wetu, msikiti mdogo wa kule ziwani. Sikia hapo, anavuta pumzi katikati. Tangu augue kifua mwaka juzi anavuta pumzi hapo hapo kila siku. Tumezoea."

"Luqmani, kanda hii inasemekana imerekodiwa Maskati."

"Basi Mzee Mujahid anasafiri sana, maana alfajiri ya leo tumeswali naye." Akainamisha sikio. "Na hii si adhana ya alfajiri, ile ina maneno yake ya ziada. Hii ni ya mchana au jioni."

Ule mngurumo ukafuata. Luqmani aliweka kifaa chake mezani ili acheke vizuri.

"Na huyu naye yuko Uarabuni?"

"Hiyo wanasema ni mashine ya ubaridi."

"Afande! Huyo ni kiboko. Kamaliza mahindi ya mama yangu mwaka jana, mistari kumi na minne, na hata asante hakusema."

Antonia aliona aibu, na hatuna sababu ya kumfichia. Miezi minne yuko Babati, mji wenye ziwa lililojaa viboko, na hajawahi kushuka hadi majini kwa kuogopa mbu. Mtu wa Songea kama yeye anaweza kusamehewa. Watu wa Bashanet nao wanaweza kusamehewa: huko juu ni ngano, baridi na ukungu, kiboko wamemwona kwenye kitabu cha darasa la pili, na kitabu hakikoromi. Walisikia adhana wakaona Uarabuni. Walisikia kitu wasichokijua wakakipa jina la kitu wanachokitamani. Baada ya aibu ikaja hasira, na hiyo ilimfaa zaidi kazini.

"Mchana kiboko hukaa majini," akasema.

"Ndiyo. Hatoki mpaka giza."

"Na hapa kiboko anasikika kuliko adhana. Kwa hiyo nyumba iko karibu na maji kuliko na msikiti. Kuna nyumba gani huko?"

Luqmani alihesabu kwa vidole. "Kabla ya matete zipo tatu. Moja ya mvuvi, ana mke na watoto wanane, hakuna pa kumweka mtu. Moja haijaezekwa. Ya tatu ina ukuta, ni ya kulala wageni. Ya Mama Theodori."

"Ni nani huyo?"

"Dada yake Mwalimu Cornel."

*

Geti la nyumba ya wageni lilikuwa wazi. Jambo hilo Antonia aliliandika kwanza, kwa sababu alikuwa amejiandaa kukuta kufuli. Uani palikuwa na kamba nne za mashuka meupe, na nyuma ya mashuka msichana mrefu, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni. Mwenye nyumba alikuwa ameenda Nangara ukumbini, kumsaidia kaka yake kuandaa safari.

"Xaveria," Antonia akaita.

Msichana alishtuka, akatazama geti, akatazama sare ya Simon. Hakukimbia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nimetoka kuongea na baba yako."

Xaveria aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Antonia alitafuta kigoda akaketi naye.

"Umefungiwa hapa?"

"Hapana. Geti si hilo?"

"Unalipwa?"

"Nalala, nakula. Mwalimu anasema ni mafunzo. Kufua, kupiga pasi, kupika. Nikiwa tayari nitaondoka."

"Mafunzo ya miezi sita?"

"Pasipoti ilichelewa. Kisha yule mtu wao wa Dar es Salaam hakupokea simu tena. Kisha ikawa wiki ijayo. Kila wiki ni ijayo." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma tangazo. "Naamka saa kumi. Sokoni natumwa mapema, kabla watu wa nyumbani hawajashuka. Cheti changu cha kuzaliwa anacho Mwalimu. Kanisani siendi, nitaonekana."

"Kwa nini hukurudi kwenu? Ni mwendo wa nusu siku."

Xaveria alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa makali.

"Afande, wewe hukuagwa. Mimi niliagwa. Baba alichinja dume. Kwaya iliniimbia mpaka barabarani, padre akanibariki mbele ya watu wote. Mabibi walinitemea mate ya baraka mkononi. Nirudi nikasemeje? Kwamba nilifika ziwani nikachoka?"

Antonia alikuwa amekuja akitafuta kamba, na kamba aliyoikuta ilikuwa imesokotwa na watu wanaompenda msichana huyu. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini ni rahisi kuusema msemo kuliko kuvua nguo.

"Ile sauti ulirekodi kwa hiari yako?"

"Mwalimu alisema mama ameanza kuugua kwa wasiwasi. Nikasema nitamtuliza. Hayo ya kuwaita wenzangu aliniambia niyaongeze mwishoni, eti ndiyo itaonekana kweli nina furaha."

"Wameisikia."

"Nani?"

Antonia alifungua daftari akasoma majina saba, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kwa kila jina Xaveria aliinamisha kichwa. Kwenye la sita, Marietha, aliziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Wanaondoka leo saa nane," Antonia akasema. "Sikulazimishi kuandikisha maelezo. Sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingefanya. Lakini sina mtu mwingine. Hao saba wameambiwa na wewe waje."

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Simon alikohoa garini. Xaveria alisimama, akalikamua shuka lililobaki mpaka tone la mwisho, akalitandaza kambani na kulinyoosha pembe. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga na kutembea kuelekea garini bila kusema anakwenda wapi.

*

Ukumbi wa Nangara ulikuwa na vumbi na furaha. Coaster ilisimama nje, wasichana sita wamekwisha kupanda, wa saba anakumbatiwa na shangazi zake. Wazazi walipanga mstari ukutani. Mzee Melkiadi alisimama mbele yao na karatasi mkononi, na pembeni yake Mwalimu Cornel, mzee nadhifu wa miwani, sauti yake ya upole kama ya sala.

"Karibu, Inspekta," Cornel akasema. "Umekuja wakati wa baraka."

"Nimekuja na mgeni."

Xaveria alishuka. Alikuwa na kanga iliyolowa na kandambili. Mama mmoja alianza kigelegele, kisha akakikata katikati, maana hakuona sanduku, hakuona dhahabu, hakuona hata viatu.

"Xaveria! Umerudi lini, mwanangu?"

"Sijarudi, shangazi. Sikuondoka. Sijavuka hata Magugu."

Cornel ndiye aliyesema kwanza, na alisema bila kutetemeka.

"Ndugu zangu, ni ucheleweshaji. Tulitupwa na mtu wa Dar es Salaam. Ningefanyaje? Nimrudishe binti achekwe? Nilimsitiri."

"Ulimfulisha," Antonia akasema.

"Nilimpa kazi na kitanda. Na hawa saba wakiondoka leo, yeye angefuatana nao. Nilipanga hivyo, Mungu shahidi yangu."

"Na adhana? Na mashine ya ubaridi?"

"Mashine waliisema wao," Cornel akajibu, na kwa mara ya kwanza aliinamisha macho. "Mimi sikusema. Nilinyamaza tu."

Antonia, aliyewahi kuhoji wezi wa ng'ombe na waganga wa uongo, aliamini kila neno, na ndipo alipomchukia hasa. Mtu huyu hakuwa mgeni aliyekuja kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Alikuwa mwenzao, anayejua waziwazi ni kitu gani wasingethubutu kumuuliza. Simon alisogea taratibu akasimama karibu na Mwalimu.

Melkiadi alikuwa hajamkaribia binti yake. Alisema kwa Kiswahili, pengine ili polisi wasikie, pengine kwa sababu Kiiraqw kingemliza.

"Miezi sita yote uko hapo chini?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nashuka kila mnada."

"Najua. Nilikuona mara mbili. Mara ya pili nilikuwa bombani, ukapita karibu nikasikia ukikohoa. Nikajificha nyuma ya ukuta mpaka ukaenda."

Mzee alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akawageukia wazazi wenzake. "Nilikuwa na neno la kuaga," akasema. "Sina. Teremsheni mizigo."

Wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wengine wakilia kwa hasira kuliko kwa nafuu. Mabegi yakapitishwa madirishani. Mwishowe akabaki mmoja kwenye kiti cha nyuma, msichana mfupi, begi limebanwa magotini.

"Marietha, shuka," mama yake akaita.

"Sishuki."

"Mwanangu, umeona."

"Nimeona. Nyumbani nina nini? Robo ekari na kaka watano wanaoingojea. Kama si Mwalimu atanipeleka mwingine. Nitakaa humu mpaka apatikane."

Watu walimtazama Antonia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sare. Hakuwa na kifungu cha sheria kwa ajili ya robo ekari, na hilo lilimuuma kuliko walivyojua. Xaveria ndiye aliyepanda. Alipita katikati ya viti, akaketi kando ya Marietha, na wote wawili wakatazama mbele kana kwamba gari linakwenda.

Antonia alisogea hadi dirisha la nyuma. Marietha alikuwa anauliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha shule.

"Walikuruhusu kwenda kanisani?"

"Hapana."

"Hata Pasaka?"

"Pasaka walikuja wageni kumi na wawili. Nilifua."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Marietha alifikiri. Halafu akauliza lingine, kuhusu ugonjwa, alipougua nani alimpeleka hospitali, na jingine, na jingine tena. Aliuliza vizuri, kwa mpangilio, kuliko wapelelezi wengi ambao Antonia amefanya nao kazi. Antonia alitoa daftari, akaliegemeza kwenye bati la moto la gari, akaandika tarehe na saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Kisha akagonga kioo.

"Xaveria. Hayo unayomwambia, naweza kuyaandika?"

Msichana alimtazama baba yake, aliyekuwa bado amesimama peke yake kwenye vumbi, kisha akamtazama Marietha.

"Andika," akasema. "Lakini mwache kwanza amalize kuuliza."